Kitambaa Kilichobaki Mezani

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Hawakusema lipo kama linavyosemwa. Na kwa kuwa yanayosemwa sasa yamevuka mitaa na kufika hadi misibani, yafaa yanyooshwe, na yakishanyooshwa yaachwe.

Mwalimu hakufukuzwa kazi. Hakupigwa kofi na mtoto wa darasa la tano, wala yeye hakumpiga mtoto yeyote. Mkono wake haukuwahi kushika fimbo, na wenzake walimcheka kwa hilo miaka yote. Hakushikwa na wazimu mstarini mbele ya shule nzima. Na hakufa kwa aibu. Alikufa kwa maradhi ya figo, miaka mingi baadaye, kitandani kwake, katika shuka safi, wanawe wote wakiwa chumbani. Aibu aliipata, hilo halikanushwi. Lakini aibu haimuui mtu. Humkalia tu, kama mgeni asiyejua kuaga.

Alikuwa mwalimu wa uraia katika shule ya msingi kama zilivyo nyingi: ukuta wa rangi mbili, kahawia chini ili uchafu usionekane na nyeupe juu ili uonekane, madirisha ya nondo, kengele ya rimu ya gari iliyoning'inizwa mlangoni mwa ofisi. Wanafunzi walimpachika jina la Bwana Heshima. Alilijua, na alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mfupi, mwenye shati lililochomekwa na viatu vilivyong'aa hata wakati wa matope. Ukimpita bila salamu alikusalimu yeye, tena kwa sauti, mpaka ukaona haya. "Salamu si mkate," alizoea kusema, "ukiigawa haipungui."

Kazi aliyojivunia kuliko zote ni baraza la watoto. Kila Ijumaa baada ya mapumziko darasa la tano lilisukuma madawati ukutani, likaweka meza katikati, na juu ya meza kikatandikwa kitambaa cha kijani. Kitambaa hicho alikishona mkewe, kutokana na salio la mapazia ya sebuleni. Kilipotandikwa, mtoto mwenye shauri alimweleza mwenzake lililomuuma. Hapo ndipo ilipoingia kanuni ambayo Mwalimu aliibuni mwenyewe, bila kuitoa katika kitabu chochote: aliyeshtakiwa haruhusiwi kujitetea kabla ya kuyarudisha maneno ya aliyeshtaki, jinsi yalivyosemwa. Akiyarudisha sawasawa, mshtaki husema "Ndivyo." Akiyapindisha, husema "Sivyo," na mwenzake hujaribu tena. Mpaka "Ndivyo" itamkwe, kitambaa hakiondolewi mezani na shauri jingine halifunguliwi.

Msicheke. Watoto waliokuwa wakitoana meno kwa ajili ya kifutio walijifunza kusema, "Umesema nilikuita kichwa boga mbele ya dada yako," na kabla ya kufika mwisho wa sentensi wenyewe walikuwa wameshainamisha macho. Nusu ya mashauri yaliisha bila kuhitaji utetezi. Mwalimu Mkuu, mama mnene mwenye kicheko cha ghafla, alisema kwamba tangu baraza lianze, sanduku la huduma ya kwanza limeota vumbi.

Sifa zilienea na wageni wakaanza kuja. Walikuja walimu wa shule nyingine, wakaja wakaguzi wa elimu, wakaja mabwana na mabibi waliovaa beji shingoni na kupiga picha kila kitu, hadi choo. Mwalimu akaona baraza peke yake halitoshi kuwaonyesha heshima ni nini. Alitaka kitu cha kuonekana kwa macho.

Katika darasa hilo, kwenye dawati la dirishani, alikaa msichana ambaye baba yake alikuwa mzoa taka. Baba huyo alisukuma mkokoteni katika mitaa hiyo hiyo waliyoishi nusu ya watoto wa shule. Zamani wenzake walimzibia pua akipita. Mwalimu alikomesha mchezo huo kwa juma moja, na hapo anastahili sifa ambayo hakuna aliyemnyang'anya. Angeishia hapo, leo kusingekuwa na hadithi. Hakuishia hapo.

Kila wageni walipoingia, alimwita msichana yule asimame.

"Huyu mnayemwona," alisema, mkono wake ukimwelekeza kama mtu anayeonyesha ramani, "baba yake ni mzoa taka. Ndiyo, mzoa taka! Anasukuma mkokoteni mitaani. Je, darasa, sisi tunamchukuliaje mwenzetu?"

"Tunamheshimu, Mwalimu!"

"Na baba yake?"

"Tunamheshimu, Mwalimu!"

Wageni walipiga makofi. Bibi mmoja mwenye beji alijifuta macho na kusema hajawahi kuona shule kama hiyo. Msichana alisimama wima, shingo juu, mpaka aambiwe kaa, ndipo akaketi na kugeukia dirisha. Mwalimu aliiona shingo ile iliyonyooka, akaamini ni fahari. Nyumbani alimsimulia mkewe, na mkewe, ambaye naye alipenda kusikia jina la mumewe likipendeza vinywani mwa watu, alimwongezea chai.

Siku yenyewe ilikuwa ya ukaguzi mkubwa. Shule ilikuwa inawania ngao ya shule yenye maadili, na ilisemwa chinichini kwamba mwalimu atakayeileta ngao hiyo ndiye atakayerithi kiti cha Mwalimu Mkuu atakapostaafu. Walikuja wakaguzi watatu, akaja na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu asiyeweza kukaa kimya hata kanisani wala msikitini. Kitambaa kilikuwa kimepigwa pasi. Mwalimu alikuwa ameandaa wavulana wawili wenye ugomvi wa mpira, ugomvi ambao, tuseme ukweli, uliisha siku nyingi na ulifufuliwa kwa ajili ya wageni. Msichana wa dirishani alisimamishwa kama kawaida. Makofi yakapigwa kama kawaida. Wavulana wakarudishiana maneno bila kigugumizi, "Ndivyo" ikatamkwa, na mtoto aliyekuwa mwenyekiti wa baraza wiki hiyo, binti mdogo aliyeshika kengele kwa mikono miwili, akaigonga.

Mkaguzi mkuu alitabasamu. "Mwalimu, swali moja. Hapa hata mwalimu anaweza kushtakiwa?"

"Hata mimi, mheshimiwa. Kanuni haina bosi."

"Na umewahi?"

"Bado. Labda mimi ni malaika."

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa wazazi akadakia, "Waulize basi, tukuone mabawa!"

Na Mwalimu, kwa mzaha, kwa kujiamini, kwa kile kitamu cha kupendwa ambacho humlevya mtu kuliko pombe, akavuta kiti cha mtoto, akaketi mezani huku magoti yakimkaribia kidevu, akaligeukia darasa. "Haya. Nani ana shauri na Bwana Heshima?"

Darasa likaangua kicheko kusikia analijua jina lile. Kicheko kilipokatika, mkono mmoja ulikuwa juu, kwenye dirisha.

"Sema, mwanangu," alisema Mwalimu, bado meno nje.

Msichana alikuja akaketi upande wa pili wa meza. Hakupandisha sauti. "Wageni wakija unanisimamisha. Unataja kazi ya baba yangu. Unanisimamisha ili wageni wakuone wewe."

Chaki ilianguka kutoka ubaoni na kila mtu aliisikia.

"Nimekusikia," alisema Mwalimu. "Umesema kwamba unaona haya ukisifiwa mbele za watu."

"Sivyo."

"Umesema hupendi kazi ya baba yako itajwe, kwa kuwa..."

"Sivyo, Mwalimu. Kazi ya baba naipenda."

Mwenyekiti wa baraza alisogeza kengele. "Mwalimu, samahani. Kanuni. Rudisha alivyosema."

Alizoea kuona watoto wakihangaika na sentensi kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Sasa kidonge kilikuwa kooni mwake. Sentensi ilikuwa fupi, ya maneno ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuyaandika. Alimtazama mkaguzi mkuu. Mkaguzi mkuu alikuwa anatazama kitambaa.

"Umesema," alijaribu tena, kwa sauti ya upole aliyoitumia kwa wazazi wakorofi, "kwamba nimekukosea bila kukusudia."

"Sivyo."

Mwalimu aliangalia saa yake. Alisema chai ya wageni inapoa. Akainuka, na kiti kile cha mtoto kikainuka naye, kimembana nyonga. Akapiga hatua mbili za kuelekea mlangoni kabla hajagundua kwa nini darasa zima linacheka. Wanaosema alikimbia na kiti, hapo ndipo penye chembe ya ukweli katika yote wanayosema. Alikichomoa, akakiweka chini taratibu kama yai, akatoka. Chai ilikuwa bado haijatengwa.

Ngao ilikwenda shule nyingine. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba mwenyekiti wa baraza, mtoto mtiifu, alikuwa amefundishwa kwamba kitambaa hakiondolewi mpaka "Ndivyo" itamkwe. Hakukiondoa.

Jumatatu Mwalimu aliingia darasani akakikuta mezani. Hakukigusa. Aliweka vitabu vyake dirishani, akafundisha haki na wajibu wa raia akiwa amekipa mgongo. Jumanne vivyo hivyo. Unga wa chaki ukaanza kutua juu yake, kijani kikafifia. Na kwa kuwa shauri moja likiwa wazi jingine halifunguliwi, mashauri ya watoto yakaanza kurundikana.

"Wewe ngoja baraza lifunguliwe, utanikoma!"

"Litafunguliwa mwaka gani? Mpaka Mwalimu aote ulimi mwingine!"

Uwanjani ukazuka mchezo. Mmoja husema, "Nipe mpira." Mwingine hujibu, kwa sauti nzito ya Mwalimu, "Umesema nikupe mkate?" Kundi zima hupiga kelele, "Siiivyo!" na kuanguka kwa kicheko. Mwalimu aliusikia kutoka chumba cha walimu, chungwa lake mkononi, limemenywa nusu. Baada ya majuma machache watoto wawili walishikana mashati kwa ajili ya nafasi ya kukaa, na sanduku la huduma ya kwanza likafunguliwa.

"Bwana Heshima," mwalimu wa hesabu alimtania, "kitambaa kile kinalipiwa pango?"

Mwalimu Mkuu hakutania. Alimwita ofisini, akafunga mlango. "Kitoe kitambaa, mwenzangu. Ni kitambaa tu."

"Siwezi, mama. Kanuni ni yangu. Nikikitoa mimi, nimewaambia watoto wote wale kwamba mkubwa halazimiki."

"Basi sema maneno ya mtoto."

"Siwezi."

"Ni uongo aliousema?"

Mwalimu alichomeka upya shati lililokuwa tayari limechomekwa.

"Basi umejifungia ndani, na ufunguo umeumeza," alisema Mwalimu Mkuu, na safari hii hakucheka.

Nyumbani hakukuwa na pa kukimbilia. Mapazia ya sebuleni yalikuwa ya kijani kile kile. Alihamisha kiti chake akakaa akiwa ameyapa mgongo, na mkewe, asiyependa viti kuhamishwa, akauliza. Ndipo kwa mara ya kwanza akasimulia yote, hata la kiti.

Mkewe alikasirika kwa niaba yake, kama inavyompasa mke. "Mtoto amekuvua nguo mbele ya wageni, halafu wewe ndiye unayeona haya? Hukumpiga. Hukumtukana. Umemsifu! Sifa nazo siku hizi ni kosa?"

"Hakusema nimemtukana."

"Na wewe ulikuwa na jibu mdomoni ukalimeza. Ungewaambia wageni pale pale: mimi mwenyewe baba yangu alikuwa mchimba makaburi, nitamdharauje mtoto wa mzoa taka? Wangenyamaza wote. Miaka yote hii wageni wanakuja na kuondoka, mbona hujawahi kuwaambia kazi ya baba yako?"

Alisema hivyo kumtetea. Alidhani anampa silaha. Mumewe akaweka kijiko mezani.

Hapa pana jambo ambalo mtaa haukulijua, na sasa na ulijue kwa mdomo wa wenyewe kuliko kuliokota. Baba yake Mwalimu alikuwa mchimba makaburi katika makaburi ya mji. Mtu mwaminifu, mwenye mgongo mpana, aliyezika nusu ya waliomcheka. Mwanawe alipokuwa shule, wenzake hawakunywa maji katika kikombe alichokinywea. Walisema kina mchanga wa wafu. Aliketi akiomba kimoyomoyo kwamba siku moja mwalimu mmoja, mmoja tu, atamwita mbele ya darasa na kusema, baba wa huyu ni mtu wa kuheshimiwa. Hakuna aliyemwita. Alipokuwa mkubwa alinyamaza. Kwenye kadi ya harusi yake baba yake aliandikwa "mtumishi wa halmashauri," na maneno hayo, ni haki kusema, aliyachagua bibi harusi.

"Mbona hujawahi kuwaambia?" aliuliza tena mkewe, safari hii polepole, maana alikuwa ameuona uso wake.

"Kwa sababu nisingependa kutazamwa vile," alisema. Halafu akarudia, kama mtu anayerudisha maneno ya mwingine: "Nisingependa kutazamwa vile."

Asubuhi iliyofuata alivaa shati jeupe. Alimwambia mkewe ataliomba radhi darasa, na si darasa tu, shule nzima, mstarini, waziwazi, kosa la hadharani lisafishwe hadharani. Mkewe alimnyooshea kola. Lilikuwa wazo zuri. Wote wawili waliliona zuri.

Kwenye kona, karibu na genge la mkaa, mkokoteni ulikuwa umesimama na mtu amechutama akitazama gurudumu. Alipomwona Mwalimu aliinuka haraka, akavua glavu, akautazama mkono wake, akasita, akatoa kiwiko. Mwalimu alikishika kiwiko.

"Mwalimu wa binti! Nimekutafuta siku nyingi, lakini watu wa kazi kama yangu wakigonga mlango watu hutoa ndoo ya taka." Alicheka mwenyewe. "Nataka kukushukuru."

"Kwa lipi, ndugu yangu?"

"Binti ananiambia. Kila wageni wakija unanitaja. Mimi! Wakubwa wenye magari wanasikia habari zangu. Mama yake anasema siku hizi natembea kama diwani." Akanyoosha kidevu kuonyesha jinsi anavyotembea. "Nami humwambia binti, mama, ukisimamishwa pale, simama wima, shingo juu, usitazame chini. Maana hapo hukusimama wewe. Nimesimama mimi."

Mwalimu alikuwa bado ameshika kiwiko chake. "Naye husemaje?"

"Aseme nini? Husema, sawa baba."

"Hajakuambia jingine lolote?"

"Kama lipi?" Uso wa baba ukabadilika. "Amekosa adabu? Niambie, Mwalimu. Mimi kwa adabu sina mchezo."

Neno moja tu lilitosha. Angelisema, na msichana yule angeambiwa nyumbani kwamba amemwaibisha mtu aliyemheshimu baba yake. Mwalimu alilisikia neno hilo likimpanda, na hilo ndilo lililomtisha baadaye kuliko mengine yote, kwamba lilipanda.

"Hapana," alisema. "Binti yako hana kosa."

Alifika shuleni. Mstari ulikuwa umepangwa, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Alimwomba Mwalimu Mkuu dakika chache, akapewa. Akasimama kwenye ngazi ya ofisi.

"Wanafunzi. Walimu wenzangu. Leo mwalimu wenu anataka kuwaonyesha heshima ya kweli ni nini." Akamwita msichana wa darasa la tano kwa jina lake. "Njoo, mwanangu. Njoo hapa mbele, kila mtu akuone."

Akaja. Shule nzima ilimpisha. Akasimama mbele ya ngazi, mabega nyuma, shingo juu, macho yameganda ukingoni mwa paa. Hakutazama chini.

Mwalimu alifungua kinywa. Aliiona shingo ile, na safari hii alijua ni nani aliyeifundisha kunyooka, na kwa nini. Alikuwa amemsimamisha tena. Hata radhi yake ilimhitaji mtoto yule asimame ili yeye aonekane. Shati jeupe. Ngazi. Shule nzima. Hotuba aliyoiandaa ilikuwa nzuri sana, na kila neno lake lilikuwa juu yake mwenyewe.

"Rudi," alisema. "Rudi mstarini. Sikupaswa kukuita."

Kisha akabaki amesimama pale juu bila neno, mikono imening'inia, watoto wakinong'ona, walimu wakitazamana, kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu mzima kutazamwa. Mwalimu Mkuu akaamuru wimbo. Wakaimba beti zote. Huo ndio mnaouita wazimu. Wanaosema alilia hawakuwepo.

Kipindi cha kwanza kilikuwa chake, darasa la tano. Aliingia, akavuta kiti kile kile cha mtoto, akaketi mbele ya kitambaa kilichojaa unga wa chaki. Mwenyekiti wa baraza, yule yule mdogo, akatazama huku na huku, akainuka kwenda kuchukua kengele. Msichana wa dirishani naye akaanza kuinuka.

"Wewe kaa hapo hapo," alisema Mwalimu. "Huhitaji kuja popote."

Mwenyekiti akaweka kengele mezani.

"Umesema wageni wakija ninakusimamisha. Umesema ninataja kazi ya baba yako. Umesema ninakusimamisha..." Akaanza tena. "Umesema ninakusimamisha ili wageni wanione mimi."

Msichana alikuwa ametazama nje, kwenye vichaka vya ukuta.

"Ndivyo," alisema.

Kanuni ilimpa Mwalimu haki ya kujitetea sasa. Mwenyekiti alimkumbusha. "Mwalimu, una la kusema?"

"Sina utetezi. Nina habari tu. Baba yangu alikuwa mchimba makaburi. Sijawahi kumwambia mgeni yeyote."

"Kwa nini?" akauliza mtoto wa nyuma.

"Kwa sababu sikutaka watu wanitazame mlivyofundishwa kumtazama mwenzenu. Na aliyewafundisha ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Kengele ikagongwa, kitambaa kikakung'utwa dirishani, na kabla vumbi halijatua, mikono sita ilikuwa juu: rula iliyovunjwa, dada aliyetukanwa, nafasi ya kukaa. Baraza likaendelea kama maji yaliyofunguliwa.

Wakati wa mapumziko msichana alimfuata kwenye baraza ya nje. Alisimama mbali kidogo. "Mwalimu, naomba usimwambie baba. Yeye anafurahi."

"Sitamwambia."

Alitimiza. Na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake, ambayo hakuna aliyeipanga. Hakusimamisha tena mtoto yeyote mbele ya mgeni. Wageni waliokuja baadaye walikuta somo la kawaida, wakaandika sifa za kawaida. Kiti cha Mwalimu Mkuu kilipobaki wazi alikwenda mwenyewe kusema asifikiriwe. Hakunyimwa, na aliyeripoti vinginevyo ameongopa. Lakini mkokoteni haukuacha kupita. Kila alipokutana nao, baba yule alivua glavu, akatoa kiwiko, akamshukuru. Hakuna njia ya kuikataa shukrani ile bila kuivunja ahadi. Basi aliipokea. Miaka nenda miaka rudi aliipokea, akitazama viatu vyake, na kila mara alirudi nyumbani akakaa kimya mpaka chakula kikapoa. Mkewe alijifunza kuutambua mlio wa gurudumu lile kutoka mbali. Mara nyingine alimwita mumewe ndani kwa kisingizio cha taa iliyoungua. Hakuja. Alitoka nje, akasimama, akashukuriwa.

Mazishini mzee yule wa mkokoteni alikuja na shati la kupigwa pasi. Akaomba aseme neno, akasema mbele ya waombolezaji wote kwamba marehemu ndiye mtu pekee aliyewahi kulitaja jina lake mbele ya wakubwa. Watu walilia. Mjane alikuwa ameketi mbele na alisikiliza hadi mwisho, bila kutikisa kichwa kukubali wala kukataa, macho chini. Wapo waliosema ni majivuno. Yalikuwa kitu kingine, na kinajulikana sasa.

Mzee naye alitangulia mwaka jana. Ndipo haya yakaweza kuandikwa; kabla ya hapo yasingeandikwa hata kwa mtutu wa bunduki. Kitambaa kipo, kimefuliwa, kimekunjwa, kabatini. Hakikopeshwi na hakipigwi picha.

Wanaobaki kuuliza wanauliza jambo moja: huyo msichana ni nani, yuko wapi, ana kazi gani siku hizi, ni yule wa benki au yule aliyehamia ng'ambo ya mto. Jibu ni hapana. Alisimamishwa vya kutosha. Hapa hasimamishwi tena, na mwenye swali jingine arudi nalo kwake.